Mwongozo Wako Umeandikiwa Kompyuta ya Nani?

Barua nne za mwezi huu zinafanana kama watoto wa tumbo moja, ingawa walioziandika hawajuani. Mmoja anafundisha vijana kompyuta Chamwino, wa pili yuko ofisini Mtumba, wa tatu anasoma Chuo Kikuu cha Dodoma, wa nne ni mwalimu mstaafu wa Kongwa. Wote wameandika maelekezo ya kompyuta au wameyafuata, na wote wamekwama mahali pamoja: maelekezo yalifaa kompyuta ya aina moja, wenye aina nyingine wakaachwa njia panda. Nimewapa ukurasa wote. Barua ya kwanza nitakaa nayo zaidi, kwa sababu jambo lake nimelibeba moyoni miaka mingi.

*

*Shikamoo Shangazi. Kila Jumamosi ninafundisha vijana 18 kuandika programu kwa lugha ya Python, kwenye darasa la kuazima hapa Chamwino. Niliwaandikia mwongozo wa kurasa 11 wa kuandaa kompyuta zao, nimeuambatisha. Mimi natumia Ubuntu, mfumo wa aina ya Linux, na kwangu kila hatua ilikubali. Siku ya kwanza iliisha bila mtu kuandika hata mstari mmoja wa programu. Vijana 15 wana Windows, wawili wana Ubuntu, na binti mmoja ana MacBook aliyopewa na kaka yake. Mwisho wa kila hatua nilikuwa nimeandika: "Kwa Windows na Mac fanya vivyo hivyo." Jumamosi iliyofuata walirudi tisa. Je, niandike miongozo mitatu?*
*Mwalimu wa Jumamosi, Chamwino*

Marahaba, mwanangu. Asante kwa kuandika idadi ya waliorudi, wengi wangeificha.

Nikueleze kwanza habari ya daftari moja. Zamani nilikuwa naandika maelekezo ya programu ya kuingizia takwimu, na ofisi niliyoifanyia kazi ikayapeleka kwa makarani wake wilayani. Mimi nilikuwa natumia Linux. Wiki ya pili nikaenda kuwatembelea. Karani mmoja, mama wa makamo, alikuwa amenakili maelekezo yangu yote kwenye kaunta buku kwa kalamu ya bluu, maana nakala zilizotumwa zilikuwa chache na walikuwa wakizigombania. Mwandiko wake ulikuwa mzuri, wa mtu aliyepitia mikononi mwa mwalimu mkali. Na mwanzoni mwa kila mstari wa amri alikuwa amechora alama ya dola. Aliichora kwa uangalifu, kijiti kimesimama katikati ya S, dola chini ya dola, kurasa nne nzima.

Alama ile haikuwa sehemu ya amri. Kwenye Linux, dirisha la amri linapokusubiri uandike, lenyewe huonyesha $ mwanzoni mwa mstari, na mimi niliinakili pamoja na amri kwa mazoea. Kompyuta ya yule mama ilikuwa ya Windows, ambako dirisha hilo hukusubiri kwa kuonyesha C:\ na jina la folda, kisha >. Dola hajawahi kuiona pale. Akaandika kama alivyoelekezwa, kompyuta ikamjibu kwamba "$" haitambuliki kuwa amri. Akarudia. Akarudia siku tatu. Nilipofika akaniambia kwa sauti ya chini, "Mwalimu unisamehe, mimi kichwa changu kizito kwa mambo haya."

Alikuwa ametii kila alama niliyoiandika, na bado aliona kosa ni lake. Hao tisa ambao hawakurudi kwako, ninaamini wengi wameondoka na maneno kama yale vifuani. Kwa hiyo kabla hujagusa mwongozo, wapigie simu mmoja mmoja. Waambie waziwazi kwamba maelekezo ndiyo yaliyokosea, na kwamba kompyuta zao hazina ubaya wowote.

Sasa swali lako. Miongozo mitatu usiandike. Utasahihisha mmoja, miwili itabaki na makosa ya zamani, na baada ya muda hata wewe hutajua upi ndio wa kuaminika. Andika mmoja, ila ujue wazi njia zinaachana wapi na zinakutana tena wapi. Ukimwelekeza mgeni aje kwako, anayeshuka kwenye treni ya SGR na anayeshuka kwenye basi pale Nanenane hawaanzi safari mahali pamoja. Lakini wakishafika kwenye duka la kona ya mtaa wako, maelekezo yaliyobaki ni yaleyale. Mwongozo wako umemwelekeza aliyekuja kwa treni peke yake, tangu mwanzo hadi mlangoni.

Nimesoma kurasa zako zote 11 nikiwa na kalamu. Njia zinaachana mahali pachache kuliko unavyohofia.

Pa kwanza ni kuipata Python yenyewe. Kwenye Ubuntu tayari ipo, na inaitwa `python3`. Kwenye Windows haipo: mtu anatakiwa kuipakua kutoka python.org, na kwenye ukurasa wa kwanza kabisa wa kuisakinisha kuna kisanduku kidogo chini cha kuongeza Python kwenye PATH, yaani orodha ya mahali ambako Windows hutafuta programu. Asipokitia tiki atahangaika baadaye bila kujua sababu. Kijana ambaye hajaisakinisha akiandika `python3` kama ulivyomwambia, Windows 10 na 11 humfungulia duka la Microsoft. Hebu jiweke kwenye kiti chake: alitarajia kuona Python, ameona duka. Kwenye Mac ambayo haijawahi kutumiwa kwa kazi hizi, amri hiyohiyo huleta kidirisha kinachoomba kusakinisha zana za waandishi wa programu, na mzigo wake wa kupakua ni mkubwa. Yule binti alipaswa kulijua hilo Ijumaa, akiwa bado na nafasi ya kutafuta bando au mahali penye intaneti ya bure. Darasani saa nne asubuhi, huku wenzake wanamsubiri, alikuwa ameshachelewa.

Hata hao wa Ubuntu hukuwatendea haki. Kutengeneza mazingira ya Python ya pekee kwa ajili ya somo, kwenye Ubuntu, mara nyingi kunahitaji kifurushi cha `python3-venv`, na hicho husakinishwa kivyake kwa amri ya `apt`. Kwako kilikuwapo kwa sababu ulikiweka zamani ukasahau. Ndiyo maana nasema kompyuta ya mwandishi ni shahidi mbaya: imeshazoea mambo mengi ambayo ya msomaji haijawahi kuyaona.

Pa pili ni kutengeneza hayo mazingira na kuyawasha. Kwenye Windows:

`py -m venv mazingira`
`mazingira\Scripts\Activate.ps1`

Kwenye Ubuntu na Mac:

`python3 -m venv mazingira`
`source mazingira/bin/activate`

Angalia tofauti zilivyo ndogo na zinavyoumiza. Folda huku inaitwa Scripts, kule inaitwa bin. Mkwaju, hiyo ambayo wengi tunaiita slashi, huku umeinamia kushoto na kule umeinamia kulia. Vijana watakuuliza kwa nini, na wana haki ya kujibiwa. DOS ya kwanza ya mwaka 1981, babu wa Windows, haikuwa na folda ndani ya folda, na alama ya / ilikuwa tayari na kazi nyingine, ya kuipa amri chaguo zake. Folda zilipoingia na MS-DOS 2.0 mwaka 1983, alama iliyochukuliwa kuzitenganisha ikawa \. Mifumo ya ukoo wa Unix, ambamo Linux na Mac zimo, ilikuwa imeshazoea /. Tangu hapo wajukuu wa pande zote mbili wanarithi. Habari njema ni kwamba ndani ya programu ya Python yenyewe, ukiandika `open("data/mvua.csv")` kwa mkwaju wa kulia, Windows nayo inaelewa. Kwa hiyo kwenye mifano yako ya programu tumia / peke yake, na lile jina refu linaloanza na `/home` kwenye ukurasa wa 7 liondoe kabisa, maana folda hiyo ipo kwako tu.

Hapo kwenye kuwasha mazingira kuna jiwe moja zaidi la Windows. PowerShell, dirisha la amri la Windows, mara nyingi hukataa kuendesha faili la amri, kwa sababu ya ulinzi, na huandika maneno mekundu yanayotisha. Dawa yake huandikwa mara moja tu:

`Set-ExecutionPolicy -Scope CurrentUser RemoteSigned`

Lakini usiitupe amri hii kama ilivyo. Mweleze kijana kwamba anaruhusu mafaili ya amri yaliyotengenezwa kwenye kompyuta yake yaendeshwe, na kwamba yanayotoka kwenye intaneti bado yatatakiwa kuwa na sahihi inayoaminika. Kumwambia mtu alegeze ulinzi wa kompyuta yake bila kumweleza anachokilegeza ni kumkosea.

Baada ya hapo njia zinakutana. Mazingira yakishawaka, amri ni `python`, na ni `pip` ya kuongezea vifurushi, kwa wote 18, bila tofauti. Alama ya kufika nayo ni moja: neno (mazingira) linatokea ndani ya mabano mwanzoni mwa mstari, iwe Windows, Ubuntu au Mac. Hilo ndilo duka la kona. Liandike kwa herufi nene: "Ukiliona neno (mazingira) mwanzoni mwa mstari, umefika. Usipoliona, usiendelee." Umeandika kurasa 11 za kufanya hili na lile, na hakuna hata mahali pamoja ulipomwambia msomaji ataona nini akishafanya. Mwenye Windows hatambui kwamba amepotea mpaka ukurasa wa nane, na hapo kurudi nyuma ni kazi.

Ukurasa wa 9 unatumia `export` kuweka jina la folda ya data. PowerShell haiijui amri hiyo; yenyewe inatumia `$env:`, na dirisha la zamani la cmd linatumia `set`. Ungeweza kuandika zote tatu. Mimi ningeifuta hatua nzima: programu yako ya mfano iende kutafuta folda iitwayo data pale ilipo yenyewe, basi. Umewatungia vijana tatizo la mifumo mitatu kwa kitu ambacho hawakukihitaji.

Kisha suala la mpangilio. Kila mahali pa kuachana, weka maelekezo ya mifumo yote pamoja, kwa urefu uleule wa maelezo, na anza na Windows kwa kuwa 15 kati ya 18 wanaitumia. Najua kwako Ubuntu ndiyo nyumbani. Lakini msomaji anayejikuta kila mara chini kabisa, kwenye mstari mmoja, baada ya aya tatu za mwingine, anaelewa ameitwa kwenye sherehe ya nani. Na ile sentensi ya "fanya vivyo hivyo" usiiandike tena, isipokuwa umekaa mbele ya kompyuta ya aina hiyo ukafanya kwa mikono yako ikakubali.

Utaniuliza Mac utaitoa wapi. Unaye binti. Mwombe saa moja kabla ya somo, mpe mwongozo mpya, ukae pembeni yake, mikono yako uiweke mapajani. Usimsaidie. Kila atakaposita, andika pembeni alikuwa anasoma mstari gani. Fanya hivyo pia na kijana mmoja wa Windows, tena yule mwenye laptopu chakavu kuliko zote.

Jambo la mwisho, maana naona umeandika pembeni ya ukurasa wa 2 kwamba pengine ungewaambia wote wa Windows wasakinishe WSL. Hiyo ni Linux inayokaa ndani ya Windows, Microsoft waliileta mwaka 2016, na ni kitu kizuri. Ila ukijaribu mwongozo wako ndani ya WSL umejaribu Linux, hujajaribu Windows. Na ukimlazimisha kijana mwenye laptopu ya mtumba yenye RAM ya GB 4 abebe mfumo wa pili ili tu alingane nawe, umemhamisha nyumba kwa sababu hukutaka kujifunza njia ya kwake. Mwenye kazi inayohitaji Linux kweli, mwelekeze huko. Kwa Python ya wanaoanza, Windows yao inatosha.

*

*Dada, habari za kazi? Ofisini kwetu mimi ndiye ninayeandika maelekezo ya mifumo tunayotumia ya barua na vikao. Naweka picha nyingi za skrini na mishale myekundu, na watu walizoea. Sasa wamekuja wakubwa wawili wenye Mac, na kila asubuhi naitwa. Pia tuna ubishi hapa: majina ya vitufe tuyatafsiri kwa Kiswahili au tuyaache kama yalivyo?*
*Mtunza kumbukumbu, Mtumba*

Salama, mdogo wangu, pole na ngazi unazopanda kila asubuhi.

Mishale yako ni mizuri, lakini imebeba kazi ya maneno. Umeandika "Bofya hapa" na mshale, kisha "Sasa bofya hapa" na mshale. Mwenye skrini tofauti hana pa kushika. Zaidi ya hapo, nina hakika maelekezo haya yanatolewa fotokopi. Mshale mwekundu ukipita kwenye fotokopi unakuwa kijivu juu ya kijivu. Na mwenzako asiyeona vizuri, anayetumia programu ya kusomewa skrini, kwenye picha hasomewi chochote.

Anza na maneno: unatafuta nini, kinaitwaje, ukikibofya kitatokea nini. Halafu picha ije kuthibitisha. Ukiandika hivyo, mwenye Mac atajikuta anafika hata pale ambapo picha ni ya Windows, kwa sababu mifumo yenu ya barua na vikao inafunguliwa kwenye kivinjari, na ndani ya kivinjari ukurasa ni uleule. Kinachobadilika ni vitu vya ukingoni, hasa vidole. Nakala na kubandika kwa Windows ni Ctrl pamoja na C na V; kwenye Mac ni kitufe cha Command, kile kilicho jirani na kitufe kirefu cha nafasi. Kitufe cha Ctrl nacho kipo kwenye Mac, ndiyo maana wakubwa wako wanakibonyeza na hakuna kinachotokea. Kubofya kulia, kwenye Mac isiyo na kipanya, ni kugusa kwa vidole viwili, au kushikilia Control huku unabofya. Mambo haya yanaenea kwenye kikaratasi kimoja cha kubandika pembeni ya meza. Wachapie hicho leo, utapumzika ngazi wakati unaandika upya mengine.

Kuhusu picha kuzeeka, nakupa mfano mmoja. Mahali pa mipangilio kwenye Mac paliitwa System Preferences kwa miaka mingi. Mwaka 2022, toleo la Ventura, jina likawa System Settings na vyumba vyote ndani vikapangwa upya. Kila mwongozo uliokuwa na picha tupu ukafa siku ile. Uliokuwa na maneno ulihitaji kusahihishwa mistari michache.

Ubishi wenu kuhusu tafsiri: andika jina la kitufe kama lilivyo kwenye skrini anayoiangalia msomaji, herufi kwa herufi, kisha ueleze kwa Kiswahili kinafanya nini. Jicho lake linatafuta umbo la neno. Ukimwandikia "Hifadhi kwa jina jingine" na skrini yake imeandika Save As, atazunguka. Lakini mwenye kompyuta iliyowekwa Kiswahili naye ahesabiwe. Lugha yetu haikuanza jana kwenye mambo haya. Mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi yenye vitufe vya Kiswahili. Kama kuna hata mmoja ofisini kwenu anayetumia Kiswahili kwenye skrini yake, majina yote mawili yaandikwe.

*

*Shikamoo Shangazi. Nimeandika programu ndogo ya kuhesabu chanjo za mifugo pamoja na maelekezo yake. Kwangu, kwenye Windows, inasoma vizuri faili la orodha-Chang'ombe.csv. Kwenye seva ya Linux inasema faili halipo, na nimeliona kwa macho yangu kwamba lipo. Mwenzangu wa Mac akiandika amri niliyompa, dirisha linaonyesha "quote>" na kunyamaza. Programu ni ileile! Nimewatumia pia faili la anza.sh, nalo kwenye Linux limegoma.*
*Mwanafunzi, UDOM*

Marahaba. Kwenye jina moja la faili una magonjwa mawili.

La kwanza ni C kubwa. Ndani ya programu umeandika `orodha-chang'ombe.csv` kwa herufi ndogo, faili lenyewe lina C kubwa. Windows huyahesabu hayo kuwa jina moja, na Mac jinsi inavyotoka dukani vilevile. Linux huyahesabu kuwa majina mawili tofauti kama Asha na Aisha. Kwa hiyo seva haikukudanganya: faili lenye jina uliloomba halikuwapo.

La pili ni letu sisi wenyewe, na sijawahi kuona mwongozo wa kigeni unaolitaja. Ni kile kialama cha ng'. Kwetu ni sehemu ya sauti; ukikiondoa, Chang'ombe si Chang'ombe tena. Lakini kwa bash ya Linux, na kwa zsh ambayo Mac imeifanya lugha yake ya kawaida ya dirisha la amri tangu mwaka 2019, kialama hicho kinafungua nukuu. Mwenzako alipoandika jina hilo, kompyuta ilidhani ameanza kunukuu kitu, na ile "quote>" ilikuwa inamsubiri afunge. Ingesubiri mpaka jioni. Dirisha la cmd la Windows kialama hicho halikijali, ndiyo maana wewe hukuona chochote. Na kama maelekezo uliyaandikia kwenye Word, huenda Word imekigeuza kikawa cha kujipinda, ’, ambacho kwa kompyuta ni herufi nyingine kabisa. Msomaji ananakili jina kutoka kwenye ukurasa wako na halilingani na la kwenye diski, na kwa macho huwezi kuona tofauti.

Kwa hiyo majina ya mafaili yaandike kwa herufi ndogo, bila nafasi, bila kialama: `orodha-changombe.csv`. Tarehe andika 2025-03-14, na saa usiiweke kwa nukta pacha, kwa sababu Windows haikubali : kwenye jina la faili. Ila ndani ya faili, kwenye safu ya kata, andika Chang'ombe kwa ukamilifu wake, na Ng'ambi, na Mng'ong'o kama ni jina la mfugaji, na uhifadhi kwa UTF-8, mpangilio wa herufi unaoeleweka na mifumo yote mitatu. Jina la faili ni kibao cha mlangoni tu. Jina la mtu na la mahali pake lina heshima yake, na mwenye ng'ombe akiona orodha imemwandika nusu anajua hakuthaminiwa.

`anza.sh` limegoma kwa sababu ya miisho ya mistari. Nilijifunza kuchapa kwa mashine ya taipu, na pale mstari ukiisha kulikuwa na matendo mawili: kulirudisha gari la karatasi mwanzoni, na kuisogeza karatasi juu. Windows imeyarithi yote mawili, kila mwisho wa mstari huweka alama mbili zisizoonekana. Linux na Mac za sasa huweka moja tu. Linux ikikutana na ile ya ziada kwenye faili la amri huiona kuwa sehemu ya jina la programu inayotafutwa, na kulalamika kuhusu kitu ambacho hakipo. Kwenye kihariri chako kuna mahali panapoandikwa CRLF. Bofya hapo, chagua LF, hifadhi, tuma tena. Kama mnatumia Git, weka mstari wa `*.sh text eol=lf` kwenye faili la `.gitattributes`. Na kwa wenzako wa Windows ambao `.sh` haiwasaidii, eleza kwenye mwongozo wako amri yenyewe iliyo ndani yake, maana nimeifungua na ni mstari mmoja tu.

*

*Mwanangu, mimi ni mwalimu mstaafu hapa Kongwa. Kijana wangu amenitumia maelekezo ya kuunganisha printa. Yanasema kitufe cha kuanzia kiko katikati ya skrini chini. Changu kiko kwenye kona ya kushoto. Je, kompyuta yangu imeharibika?*
*Mwalimu mstaafu, Kongwa*

Shikamoo Baba. Haijaharibika. Maelekezo uliyotumiwa ni ya Windows 11, iliyotoka mwaka 2021 na kukisogeza kitufe hicho katikati. Yako huenda ni Windows 10, na kwenye hiyo kitufe kinakaa kona ya kushoto kama ulivyokiona. Mwandishi wa maelekezo alipaswa kuandika toleo juu kabisa ya ukurasa wa kwanza, pamoja na tarehe aliyoyaandika, ungejua kabla ya kuanza.

Kuna jambo moja la kuzungumza na kijana wako. Microsoft ilisitisha huduma ya kawaida ya Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025. Kompyuta itaendelea kuwaka na printa itafanya kazi, ila marekebisho ya usalama hayaji tena kama zamani, isipokuwa kwa aliyejiandikisha kwenye mpango wa nyongeza. Mwombe aangalie kama mashine yako inaweza kupokea Windows 11, maana nyingi za zamani haziwezi.

Kuhusu printa, tuhakikishe kwanza. Shikilia kitufe chenye alama ya dirisha, upande wa kushoto chini kwenye kibodi, na ukiwa umekishikilia bonyeza R. Kisanduku kidogo kitatokea. Andika `winver`, kisha bonyeza Enter. Utaona maandishi yanayotaja Windows na namba ya toleo. Niandikie maandishi hayo kama utakavyoyaona pamoja na jina lililoandikwa mbele ya printa, nami nitakutumia maelekezo yanayolingana navyo, kwa herufi kubwa.